Katoka ICU salama, sasa moyo wake nani kauangalia?

Huku kwetu mtu akitoka ICU akiwa hai tunachinja kuku, wanakuja majirani na watu wa jumuiya, tunaimba, tunamshukuru Mungu, alafu baada ya wiki mbili tatu kila mtu anarudi kwenye shughuli zake na mgonjwa anabaki na ile imani kwamba kapona. Kushukuru ni sawa kabisa, na mimi nililia siku ile. Ila kama mtu wako alilazwa kwa sepsisi kuna kiungo ambacho ndugu wengi hawakiulizii siku ya kuruhusiwa, nacho ni moyo. Figo wataulizia, mapafu wataulizia kwasababu walimuona na oksijeni, moyo wanaona ulikuwa unadunda na bado unadunda, basi.

Sepsisi ni ile hali ambayo mtaani watu wanasema damu imeingia sumu. Maambukizi yanaanzia sehemu yoyote, nimonia, UTI, kidonda cha mguu, kizazi baada ya kujifungua, utumbo uliotobolewa na taifodi, alafu mwili unapambana nayo kwa fujo mpaka unaanza kujiumiza wenyewe, viungo vinaanza kufeli kimoja baada ya kingine. Tangu 2016 ndo hivo madaktari wanavyoieleza, kwamba kinachoua sio mdudu peke yake, ni namna mwili wenyewe unavyompokea huyo mdudu. Na sio ugonjwa wa watu wachache. Kwa makadirio ya mwaka 2017 dunia nzima walipata sepsisi watu kama milioni 48.9 na wakafa milioni 11, yaani katika kila vifo vitano duniani kimoja kilihusiana nayo, na wagonjwa wengi sana, kama asilimia 85, walikuwa kwenye nchi za kipato kama chetu. Kuna mpaka siku yake, tarehe 13 Septemba kila mwaka, na sijawahi kusikia ikitangazwa hata kwenye redio za hapa Mbeya.

Aliyenifanya nisome haya yote ni mama mdogo. Anauza viazi Uyole, vile vinavyoshuka kutoka Ntokela na Isongole, na wanaomjua wanajua ni mtu wa kusimama juani kutwa, anapima, anajadiliana na madalali wa lumbesa, jioni anapanda kilima kwenda kwake na ndoo kichwani. Mwaka ule kwenye ile baridi ya mwezi wa saba alianza kusema akikojoa panauma, alafu homa, alafu kutetemeka. Sasa Uyole mwezi wa saba nani asiyetetemeka? Duka la dawa wakampa dawa ya malaria. Homa ikakataa kushuka, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, anamuita marehemu bibi, mikono ya baridi, anapumua harakaharaka kama katoka kukimbia. Kufika hospitali presha ilikuwa 70 kwa 40. Wakamuingiza ICU, antibayotiki za mshipa, oksijeni, na ile dawa ya kupandisha presha, noradrenalini, inayopita kwenye kimashine kidogo pembeni ya kitanda kidogokidogo usiku na mchana. Wale manesi Mungu awabariki, wanafanya kazi ambayo ukiwa nje ya mlango huwezi kuijua.

Akatoka. Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa maambukizi ya njia ya mkojo, dawa za kumalizia, apumzike, arudi kliniki kuangalia figo. Hakuna mstari hata mmoja wa moyo.

Nyumbani ndo mambo yakaanza kuonekana. Kutoka barabarani mpaka kwake pana mwinuko, sio mkubwa, watoto wanaupanda wakikimbia. Katikati pana mparachichi. Mama mdogo akawa akifika pale anasimama, anashika shina, anaangalia juu kama anakagua matunda. Mwanzoni nilijua anaangalia parachichi kweli. Kumbe anatafuta pumzi, na hataki wapita njia wamuulize. Usiku analalia mito mitatu, akilala bapa anakohoa. Akivua soksi jioni unaona pale juu ya kifundo pamebonyea mstari mzima unazunguka mguu, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Haya mambo matatu, kukosa pumzi kwenye kilima kidogo, kushindwa kulala bapa na miguu kujaa, yakikaa pamoja kwa mtu aliyetoka ICU usisubiri tarehe ya kliniki, mrudishe.

Sisi tulichelewa kwasababu kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wifi yake akasema anadeka, kazoea kuhudumiwa. Baba mdogo akasema ni damu tu, aongezewe rosela. Mjomba akasema ni baridi, apelekwe Kyela akakae kwenye joto. Na kweli alienda Kyela kwenye msiba akarudi anasema kule alipumua vizuri. Hili nililiuliza baadae na lina ukweli ndani yake, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Uyole ni juu kidogo zaidi, hewa yetu ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani, Kyela iko chini kule karibu na ziwa, mita 500 hivi. Mtu mzima wa afya aliyezaliwa huku haoni tofauti. Mtu ambaye moyo wake umechoka anaiona. Ila kupumua vizuri Kyela sio kupona, na mimi hilo lilinitisha kuliko kunifariji.

Mwishowe tukachanga kwenye grupu la familia akapigwa eko. Kwa wasiojua, eko ni ultrasaundi ya moyo, haina mionzi, haiumi, unalala ubavu wa kushoto wanakupaka jeli ya baridi kifuani na kukandamiza kile kifaa katikati ya mbavu. Waliniruhusu nikae pembeni. Kwenye skrini nikaona vyumba vya moyo vya mama mdogo vinafunguka na kufunga, na hata mimi nisiye daktari niliona ule ukuta wa chumba cha kushoto hausogei sana, unatikisika tu. Daktari akasimamisha picha, akachora mstari kuzunguka chumba kikiwa kimejaa, akachora tena kikiwa kimekamua, mashine ikatoa namba. EF 38. Hiyo EF ni asilimia ya damu ambayo chumba cha kushoto kinaisukuma nje kwa kila pigo. Mtu wa kawaida ni 55 mpaka 70, hakuna anayefika 100, kwahiyo usije ukaona 60 ukadhani umefeli.

Yule daktari ni kijana wa Rungwe, akajua anaongea na nani. Akasema, mama, wewe si umekamua ng'ombe? Mkono ukichoka maziwa yanatoka kidogo kwasababu hukamui kwa nguvu. Lakini hata ukiwa na nguvu, kama vidole vimekakamaa havifunguki vizuri, chuchu haijai tena, na bado utapata maziwa kidogo. Moyo wako una hilo la kwanza, na kidogo una na la pili. Mama mdogo akaelewa palepale, akauliza huo mkono unapumzishwaje. Nimeipenda ile maelezo mpaka leo kwasababu inaonyesha kitu ambacho namba ya EF peke yake inakificha. Kuna watu waliopona sepsisi EF yao iko 60 safi kabisa na bado wanahema, shida yao ni moyo kushindwa kulegea na kujaa. Kwahiyo ukiambiwa EF nzuri na mgonjwa bado hawezi kupanda kilima, uliza pia kuhusu moyo kujaa.

Sasa swali ambalo kila mtu alikuwa nalo, maambukizi yalikuwa kwenye figo na mkojo, moyo umeingiaje hapo? Nilivyoelewa ni hivi. Kinga ya mwili ikichachamaa inamwaga kemikali kibao kwenye damu, zingine zinaitwa TNF na interlukini, na damu haichagui, inazipeleka kila mahali pamoja na kwenye misuli ya moyo. Huko zinafanya misuli ikunje kwa udhaifu. Nitriki oksaidi, gesi ambayo mwili wenyewe unaitengeneza kulegeza mishipa, inatengenezwa kupita kiasi. Mitokondria, vile vitu vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu, vinavurugika. Na moyo uliopigwa na adrenalini nyingi, ya mwili wenyewe na ile ya mashine, unaanza kuacha kuisikia. Tofauti na shambulio la moyo ambapo mshipa umeziba na kipande cha misuli kinakufa, hapa mishipa inaweza kuwa wazi kabisa na seli nyingi hazijafa, zimepunguza kazi tu. Ndo mana troponini, kile kipimo cha damu cha kuumia kwa moyo, mara nyingi kinapanda kwa wagonjwa wa sepsisi bila mshipa wowote kuziba.

Hili la seli kutokufa ndo lilileta matumaini, na nadhani ndo lilifanya moyo usahaulike. Mwaka 1984 Margaret Parker na wenzake huko Marekani waliwafuatilia wagonjwa 20 wa sepsisi iliyoangusha presha, wakapima mioyo yao mara kwa mara. Nusu yao EF ilishuka chini ya 40. Na wale waliopona, mioyo yao ilirudi kawaida ndani ya siku 10 hivi. Utafiti mdogo lakini ulikuwa mkubwa kwa maana yake, kwasababu ulionyesha moyo unaweza kuanguka na kuinuka wenyewe, na tangu hapo imekuwa ikifundishwa hivo, udhaifu wa moyo kwenye sepsisi ni wa muda. Na kwa wengi ni kweli.

Ila tafiti zilizokuja baadae, za kufuatilia watu wengi kwa miaka baada ya kuruhusiwa, zinaonyesha kwamba waliopona sepsisi wanapata shambulio la moyo, kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi zaidi ya watu wa umri wao ambao hawakuugua, hatari inakuwa kubwa zaidi miezi ya mwanzo alafu inashuka taratibu bila kuisha haraka. Na wale ambao moyo ulianza kudunda ovyo wakiwa wodini, ile mapigo kutokuwa na mpangilio, hata kama yalitulia kabla ya kutoka, wanabaki na hatari kubwa zaidi ya kiharusi na ya moyo kushindwa. Watafiti wawili, Hallie Prescott na Derek Angus, walikusanya tafiti nyingi mwaka 2018, picha yao ni kwamba katika wanaotoka hospitali wakiwa hai kama nusu wanarudi vizuri au karibu vizuri, theluthi wanafariki ndani ya mwaka unaofuata na moja ya sita wanabaki na matatizo makubwa. Hizo ni hesabu za nchi zenye kliniki za kumfuatilia mtu, na wengi wao ni wazee wenye magonjwa mengine, sio kwamba kila theluthi ni moyo. Lakini niliposoma hiyo theluthi nilifunga simu nikatoka nje.

Kuna jambo ambalo daktari wetu alikuwa mkweli nalo na mimi nalithamini sana. Nilimuuliza, daktari, hii ni sepsisi ndo imeharibu? Akasema mama yako hakuwahi kupigwa eko kabla, na presha yake kabla ya kuugua hamuijui, kwahiyo sitakudanganya, inawezekana sepsisi ndo imeuangusha, inawezekana presha ya miaka mingi ilishaanza kuuchosha kimyakimya na sepsisi ikamalizia. Hata watafiti wanahangaika na hilohilo, watu wengi wanaoingia ICU hakuna picha ya moyo wao ya zamani ya kulinganisha. Kwahiyo ndugu zangu mnaouza sokoni, mnaolima, mnaoendesha bodaboda, pimeni presha hata mara moja kwa mwaka, ile namba iandikwe mahali.

Na sio kila anayehema ni moyo. Mtu aliyelala ICU misuli ya mwili inayeyuka haraka, mapaja yanakwisha, kupiga hatua ni kazi. Damu inakuwa pungufu. Figo zikiwa hazijakaa sawa maji yanajaa mwilini. Mapafu yenyewe yanaweza kubaki na makovu. Wengine ni hofu na huzuni, anaota mashine usiku, na hilo nalo ni ugonjwa wa kutibiwa. Mama mdogo alipimwa wingi wa damu, kreatinini ya figo, potasiamu na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, pamoja na eko, na kweli damu yake ilikuwa chini pia, baba mdogo hakukosea kabisa na rosela yake ingawa rosela peke yake isingetosha.

Dawa hakuna ya pekee ya moyo uliopigwa na sepsisi. Wanatumia zilezile za moyo ulioshindwa, kama EF imeshuka, enalapril au lisinopril, carvedilol au bisoprolol, spironolactone, na furosemide ya kukojoza maji. Lakini figo zilizotoka kuumia na dawa hizi zinahitaji macho, potasiamu inaweza kupanda na potasiamu ikipanda sana inasimamisha moyo, kwahiyo damu inarudiwa kupimwa, usichukue tu cheti cha zamani ukaenda kununua duka la dawa miezi sita mfululizo. Akaanzishiwa dozi ndogondogo zinapandishwa taratibu. Asubuhi anapima uzito kabla ya chai, akiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache ni maji hayo, anapiga simu.

Chumvi ndo ilikuwa vita nyumbani. Mgonjwa huku anapewa supu, supu ya kongoro ina chumvi ya kutosha kijiji, na ukimnyima supu mgonjwa unaonekana humpendi. Tukakubaliana supu iwepo chumvi isiwepo, ndimu na tangawizi zifanye kazi. Vilevile dripu. Kila akichoka kuna mtu anasema apelekwe akawekewe dripu mbili apate nguvu. Jamani dripu ni maji na chumvi, moyo dhaifu ukijazwa yale maji unaweza kuzama. Hata kwa ambao bado wako kwenye sepsisi maji sio mengi ndo mazuri kila wakati, mwaka 2011 ulitoka utafiti mkubwa wa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi kuliko waliopewa taratibu, na wengi walitegemea matokeo kinyume. Kwahiyo dripu ni dawa, daktari ndo aamue.

Siku ya kuruhusiwa, kabla hamjasaini, mimi ningeuliza hivi. Wakati yuko ndani moyo ulipimwa kwa eko? Ilisomaje? Mapigo yaliwahi kuvurugika? Eko irudiwe lini na wapi? Dawa gani za presha zilisimamishwa na zinarudi lini, mana mgonjwa wa presha akiingia na presha 70 zinasimamishwa zote na saa ingine hakuna anayezirudisha. Na waandike neno sepsisi kwenye karatasi, sio maambukizi tu, kwasababu daktari atakayemuona mwakani Iringa au Makambako hatajua alipita wapi. Kama hospitali uliyopo haina eko, omba rufaa. Zamani moyo ulikuwa safari ya Dar tu, zaidi ya kilomita 800, siku hizi hata wataalamu wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanakuja mikoani kwenye kambi za kupima, zikitangazwa wapelekeni watu.

Eko ya mwisho ya mama mdogo imesoma 51. Alipiga kelele ya furaha mle ndani, alafu swali lake la kwanza likawa, kwahiyo vidonge naacha? Daktari akakataa. Akatuambia kuna utafiti wa Uingereza wa 2019, watu ambao mioyo yao ilitanuka kwa sababu zingine ikarudi vizuri kwa dawa, wakajaribu kuwaachisha, asilimia 44 moyo ulianguka tena ndani ya miezi 6. Sio moyo wa sepsisi kama wake, akasema, lakini mimi sitabahatisha na wewe, mama, tutapunguza baadae tukiona umekaa hapo muda mrefu. Sokoni karudi, nusu siku, anakaa kwenye stuli na kijana wake ndo anapakia. Lumbesa hagusi mpaka eko ijayo, na hilo madalali wote wa Uyole wameshaambiwa.